Maswali ya Wasomaji: Flapu Inayochoma na Flapu Inayoziba

Barua nyingi za toleo hili zinahusu flapu: ile diski ya grenda yenye vipande vya msasa vilivyolaliana, pamoja na gurudumu la msasa lenye shina la kufungwa kwenye drili.

Ndugu Mhariri, ninasawazisha weldi za reli ya ngazi ya stenlesi kwa grenda ya milimita 125 na flapu namba 60 (namba ya ukali wa msasa: ikiwa ndogo, punje ni kubwa). Weldi inaisha vizuri, lakini pembeni yake chuma kinageuka bluu. Tena, hata nikimalizia kwa namba 120, kwenye mwanga naona mikwaruzo ya mviringo. Nakosea wapi? – Fundi wa reli

Ndugu fundi, hayo ni matatizo mawili na kila moja lina dawa yake.

Bluu ni joto. Stenlesi hupitisha joto polepole, hivyo linarundikana pale pale diski ilipogusa. Rangi ya njano hafifu hutokea chuma kikikaribia nyuzi 300 za Selsiasi. Ukiona bluu iliyokolea, umeshapita 500. Grenda nyingi za ukubwa wako huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na hapo ukingo wa diski unakwenda mita 72 kwa sekunde. Chuma cha kawaida kinavumilia, stenlesi inaungua. Kama grenda ina kidhibiti kasi, shusha hadi 5,000 au 6,000. Kama haina, pitisha mikono haraka, usisimame mahali pamoja, na ruka kutoka weldi moja hadi nyingine ili ya kwanza ipoe. Usijaribu kupunguza mizunguko kwa kukandamiza. Utaunguza mota na chuma pia. Na flapu iliyochakaa itoe kwenye kazi hii mapema, kwa sababu punje butu za msasa zinasugua bila kukata, na msuguano huo ndio unaoleta joto.

Bluu iliyopo sasa iondoe yote, hata mahali pasipoonekana na mteja. Chini ya rangi hiyo uso wa chuma umepungukiwa na kromiamu, metali inayoikinga stenlesi na kutu, na kutu itaanzia hapo.

Kuhusu mikwaruzo ya mviringo, diski ya grenda haiwezi kuacha alama nyingine, kwa kuwa inakata ikizunguka juu ya uso. Itumie kuondoa chuma tu. Anza na 60 mpaka weldi ibaki juu kidogo sana, kisha 80, kisha 120, na kila ukibadili namba badili pia mwelekeo wa mkono ili alama mpya zikate za zamani. Paka wino wa maka kabla ya kila hatua: mstari wa wino ukibaki ndani ya mkwaruzo, usiende namba inayofuata. Baada ya 120 weka diski kando, chukua gurudumu la flapu namba 180 au 240, na lipeleke kwa mistari iliyonyooka kufuata urefu wa reli. Mng'ao unaotakiwa, wa mistari laini inayoelekea upande mmoja, hutoka hapo. Wengi huruka 80 ili kuokoa muda, halafu wanapoteza muda mwingi zaidi kwenye 120.

Flapu iliyogusa chuma cha kawaida isiguse stenlesi kamwe. Chembe za chuma hubaki usoni na baadaye huota madoa ya kutu.

Nikisaga aluminiamu, flapu inaziba baada ya muda mfupi tu. Je, ni feki? – Msomaji wa karakana ya magari

Si lazima iwe feki. Aluminiamu ni laini, ikipata joto inanata kati ya punje. Tumia namba 40 au 60, shusha kasi, na paka nta ya kusagia kwenye flapu kabla ya kuanza na tena kila mara inapoanza kung'aa. Iliyokwisha kuziba usiilazimishe.

Jambo kubwa zaidi ni vumbi. Vumbi la aluminiamu likikutana na cheche za chuma linaweza kulipuka. Safisha meza na grenda kabla ya kubadili metali, usisage chuma karibu na vumbi hilo, na likiwaka usilimwagie maji. Lifunike taratibu kwa mchanga mkavu.

Nataka kulainisha ndani ya bomba la kipenyo cha milimita 70 kwa gurudumu la flapu la milimita 60 kwenye drili. Linakwenda polepole mno. Niweke kwenye grenda nyembamba ya mizunguko 25,000? – Fundi mabomba

Hapana! Piga hesabu kwanza: kipenyo kwa milimita, mara 3.14, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 60,000. Drili ya mizunguko 2,800 inakupa karibu mita 9 kwa sekunde, ndiyo maana kazi haisogei. Kwa 25,000 unapata mita 78 na zaidi; vipande vinaweza kung'oka na shina kupinda. Lenga mita 15 hadi 20, yaani mizunguko kati ya 4,800 na 6,300 hivi kwa gurudumu lako. Grenda nyembamba yenye kidhibiti itafaa. Namba iliyochapwa kwenye gurudumu ni kikomo cha usalama, si kasi ya kufanyia kazi.

Ingiza shina mpaka mwisho wa chaki (kinywa cha mashine kinachobana shina), maana kadiri linavyochomoza ndivyo kasi salama inavyoshuka. Fuata mshale wa mzunguko. Ingiza gurudumu ndani ya bomba kwanza, ndipo uwashe, kisha lipeleke mbele na nyuma bila kusimama. Likisimama linachimba mfereji. Ncha za vipande ndizo zinazokata, hivyo ukikandamiza vikalala, unasugua kwa migongo yake.

Flapu ya zirkonia (aina ya punje ngumu za msasa) imeacha kukata ingali nene. Kwa nini? – Mwanafunzi wa ufundi

Huikandamizi vya kutosha. Punje za zirkonia hujinoa kwa kuvunjika, na bila mgandamizo wa wastani hazivunjiki, zinabaki laini na kung'aa. Kwa kazi nyepesi chukua flapu yenye punje za oksidi ya aluminiamu. Angalia pia pembe: diski yenye uso bapa hushikwa kwa nyuzi 5 hadi 15 kutoka kwenye chuma, yenye uso wa mteremko 15 hadi 25. Ukiisimamisha zaidi, ukingo unaliwa wote huku vipande vya ndani vikiwa vipya.