Mwani wa maji taka kutoa dizeli
Inawezekana ssebo, huyo aliyekuambia mwani wa maji taka unaweza kutoa dizeli hakudanganya. Ule ukijani unaouona kwenye mabwawa ya maji taka pale Lubigi, Kampala, ndio mwani wenyewe, unakula naitrojeni na fosforasi za kwenye uchafu, mbolea ya bure. Kasheshe ni kuuvuna, mimi kazi yangu ni kupima maji, ukichota lita nzima ukachuja na kukausha unabaki na kama nusu gramu tu, tena mwani wa maji taka hauna mafuta mengi kwa hiyo kuukamua kama alizeti sahau, wanaupika ukiwa bado na majimaji kwenye nyuzi 300 na kitu kwa presha kubwa mpaka utoe mafuta mazito meusi, nayo bado yasafishwe ndo yaingie kwenye gari. Kwa gharama, biogesi bado ni nafuu zaidi.