Kilo 62 za Baba Usiziamini Haraka

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, baba kavimba miguu, ana kilo 62, wodini wameandika lishe iko sawa. Mimi namuona anaisha. Nimwamini nani?"

Amini macho yako.

Nilipokuwa mgeni kazini, daktari mmoja alinibatiza Fundi Cherehani kwa sababu ya tepu iliyokuwa haitoki mfukoni mwangu. Raundi nzima inacheka. Akalazwa mzee mwenye ugonjwa wa ini, tumbo limejaa maji. Kilo 62, urefu mita 1.70, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 21.5, basi faili likaandikwa "lishe ya kawaida". Mimi nikatazama panja zilivyobonyea na mabega yalivyochomoza mifupa. Mzunguko wa mkono wake wa juu, sentimita 20 tu! Walipomtoa maji, mizani ikasoma 52. BMI 18, na kwa mtu mzima chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Daktari hakusema kitu. Mpaka leo hajasema, na lile jina bado ninalo.

Haya, chukua tepu. Kunja kiwiko cha mkono wa kushoto, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, tia alama kwa kalamu. Kisha mkono ushuke, ulegee, ndipo uzungushe tepu bila kubana nyama. Wengi hupima mkono ukiwa bado umekunjwa, halafu wanashangaa namba.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5, ile rangi nyekundu kwenye tepu ya watoto, ni utapiamlo mkali. Njano huishia kabla ya 12.5. Na mbonyeze miguu yote miwili kwa dole gumba, sekunde 3. Vishimo vikibaki kote kuwili, mpeleke hospitali hata kama tepu inasoma kijani.

Zile mashine za kukanyaga peku, zinazotaja mafuta na misuli? Zinapitisha umeme mdogo mwilini na kukisia kutokana na maji. Aliyevimba zitamsifia misuli asiyonayo.

Ndugu zangu, mgonjwa hapimwi kwa mbali! Mguse, mvue shati, mtazame. Wanaosoma faili tu wanatuzikia watu.

Kwa baba, namba moja haitoshi. Mpime kila wiki, mkono uleule, andika, mpelekee afisa lishe wa wodi. Akikataa kutazama, niandikie tena.