Mbu wa Bwawani Hawatoki Bwawani

Masika yakianza kupungua, simu yangu haipumziki. "Fundi, njoo umwage dawa, mbu wanatumaliza." Natunza mabwawa ya kuogelea ya majumbani hapa Arusha, Njiro, Sakina mpaka Usa River, na mara nyingi nikifika namkuta mwenye nyumba ameshanunua ndoo nzima ya klorini. Mimi namwomba kwanza bakuli jeupe.

Bakuli hilo ndilo kipimo changu. Unachota maji taratibu pembeni, ukiangalia kivuli chako kisiangukie majini, maana viluwiluwi vikihisi kivuli vinazama. Kisha unatulia. Kama vipo, utaviona vinapanda juu kuvuta hewa: vya mbu aina ya Anopheles, yule wa malaria, vinalala bapa chini ya uso wa maji, vya Culex, yule anayekupigia kelele sikioni usiku, vinaning'inia kichwa chini. Kwenye bwawa ambalo pampu inazunguka na vigae vya chini vinaonekana, ni nadra nipate kitu. Nikienda nyuma ya kibanda cha pampu, ndipo kazi inapoanzia.

Mbu jike hutaga kwenye maji yaliyotulia, na watoto wake wanahitaji utulivu huohuo ili wakae juu wapumue. Wanahitaji pia chakula, yaani ule utando wa kijani na vijidudu vya majini. Bwawa linalozunguka linawanyima vyote viwili, na chochote kinachoelea kinavutwa kwenye kapu la pembeni. Klorini inasaidia kuzuia ukijani, lakini kwa kiwango cha kuogelea, miligramu 1 hadi 3 kwa lita, usiitegemee kuua viluwiluwi. Ukimwaga ndoo nzima utawachoma watoto macho, na mbu wa nyuma ya kibanda hata habari hawana.

Sasa twende huko nyuma. Pampu nyingi zimewekwa kwenye shimo lenye mfuniko. Sili ikichakaa kidogo tu, matone yanajikusanya chini, gizani, pasipo upepo, na hakuna anayefunua mfuniko mpaka pampu igome. Badilisha sili, kausha shimo, basi. Tatizo kubwa zaidi ni maji ya kuoshea mchanga wa filta. Ukigeuza valvu, maji machafu yanatoka kwa kishindo kwenye bomba la nyuma, na nyumba nyingi bomba hilo linaishia chini ya uzio, kwenye migomba. Udongo ukishashiba linabaki dimbwi, na kwa kuwa filta inaoshwa kila mara, dimbwi halikauki. Maji hayo yameshapoteza klorini kwa jua, yamebaki na uchafu tu. Refusha bomba, lipeleke kwenye shimo la kokoto lililofunikwa.

Na migomba yenyewe ina lake: pale jani linaposhikana na shina maji ya mvua hukaa, na wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaozaliana humohumo. Magimbi vilevile. Sisemi mkate migomba; nani atanielewa huku? Isiwe tu hatua mbili kutoka kwenye viti vya bwawani.

Ila msimu unaowashangaza wateja wangu ni wa baridi. Juni mpaka Agosti hakuna mtoto wa Arusha anayekubali kutumbukia, kwa hiyo baba mwenye nyumba anazima pampu kuokoa luku na kuvuta turubai juu ya bwawa. Katikati turubai linabonyea. Manyunyu ya usiku yanateremka hapo, majani yanaozea humo, na baada ya muda una bwawa dogo juu ya bwawa kubwa, lisilo na pampu wala klorini. Nimewahi kuinua turubai la namna hiyo kwa fimbo, upande mmoja, nikaona maji meusi yanachemka kwa viluwiluwi wakati jua halijatoka wiki nzima. Watu wanaamini baridi inaua mbu. Baridi inawachelewesha. Kwenye joto yai linaweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Kwenye baridi yetu huchukua muda mrefu zaidi, lakini wanafika.

Dawa yake ni rahisi. Chukua madumu ya lita 20, yafunge vizuri yakiwa matupu, yaelee katikati ya bwawa chini ya turubai. Turubai litainuka na maji yatakimbilia pembeni. Hayo ya pembeni kijana wa bustani ayafagie mara moja kwa wiki bila kukosa, kabla viluwiluwi havijakomaa.

Na pampu usiizime moja kwa moja. Baridi hata saa mbili tatu kwa siku zinatosha, na mimi nashauri ziwe za jioni, kuanzia saa kumi na mbili. Culex na Anopheles hutaga giza likishaingia, kwa hiyo heri uso wa maji utikisike wakati huo kuliko saa sita mchana. Midomo ya kurudishia maji igeuze kidogo kuelekea juu ili ifike hadi kwenye kona na ngazi. Umeme ukikatika siku kadhaa, piga brashi kuta na pitisha wavu juu. Oktoba na Novemba maua ya mijakaranda yanaziba kapu mpaka maji yanasimama wakati pampu inanguruma, kwa hiyo likague kila asubuhi.

Oili chafu usimwage popote karibu na bwawa; itakuharibia filta na udongo. Mchaichai uliopandwa pembeni unafaa kwa chai, mbu wanaupita tu. Zile taa za kukaanga wadudu zinakaanga zaidi nondo na kumbikumbi. Chombo ninachokiheshimu barazani ni feni, kwa sababu mbu ni mrukaji dhaifu.

Kama umefanya yote hayo na usiku bado hamkaliki, angalia chemba. Culex anapenda maji machafu kuliko ya bwawa lako. Mfuniko uliopasuka au bomba la hewa lisilo na wavu linatosha kulisha mtaa mzima.

Kwa wenzangu wa Moshi, hasa upande wa chini kuelekea Mabogini, mjue nyinyi mko kwenye joto zaidi na karibu na mashamba ya mpunga. Arusha na Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, lakini mpunga unazalisha Anopheles wengi hata kama ua wako ni msafi kama sahani. Huko chandarua kinabaki palepale.

Limebaki suala la jirani, na ndilo linalonisumbua zaidi. Mapagale ni mengi, na baadhi yana shimo la bwawa lililochimbwa likaachwa, limejaa maji ya mvua. Kufyonza maji kila wiki ni kazi bure. Kama mwenyewe anapatikana, mwombe ruhusa muweke perege. Wanakula viluwiluwi na hapo hakuna klorini ya kuwaua. Kama hapatikani, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa uulize kuhusu viuadudu vya kibaolojia vya kiwanda cha Kibaha. Ni bakteria wanaoua viluwiluwi vikiwameza. Na lipige picha shimo lenyewe kabla ya kwenda, kwa sababu ofisini swali la kwanza litakuwa, "Liko wapi hasa?"