Jibu: Mwanangu asema Ukristo hauna hoja, nimwambie nini?

Dada yangu wa Malindi, umesema mwanao amerudi kutoka chuo akidai Ukristo hauwezi kustahimili maswali. Kwanza, tafadhali usimkaripie. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipopita hapo Malindi, mkubwa mmoja wa Kiislamu alimuuliza kama makanisa ya kwao hujaa, kwani misikiti ya mji ilikuwa ikikosa watu. Wakajadiliana. Kuhoji si jambo geni mjini kwenu.

Mimi ningeanzia kwenye historia. Tacitus, mwanahistoria Mrumi aliyewachukia Wakristo kabisa, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Naye Paulo, akiwaandikia Wakorintho kwenye miaka ya 50, ataja mashahidi wa ufufuo na kusema wengi wao wangali hai. Hilo halithibitishi ufufuo kama hesabu, lakini ni ushahidi wa kupimwa, na mwenye akili timamu aweza kuupima akaamini.

Swali zito kwangu ni mateso ya wasio na hatia. Hapo usikimbilie kujibu. Someni pamoja kitabu cha Ayubu, mpaka pale Mungu anapowakasirikia wale rafiki watatu waliokuwa na jibu la kila kitu.