Mtoto wa kituoni hageuki akiitwa
Pole na kazi, dada. Unasema kwenye kituo chenu cha kulelea watoto Ujiji kuna mtoto wa miezi 10 hageuki akiitwa, na mwenzako anataka muache Kiha, mmwashie televisheni ya Kiswahili.

Kwanza masikio. Mpelekeni hospitali ya Maweni wamwangalie. Usaha sikioni hupunguza usikivu.

Kiha msiache. Mtoto wa miezi 6 hutofautisha hata sauti za lugha ngeni; akikaribia mwaka, sikio lake huzama kwenye zile za kila siku. Lugha mbili anazimudu. Televisheni zimeni: Marekani, watoto wa miezi 9 walishika sauti za Kichina kwa mtu aliyecheza nao, wa video hawakuambulia kitu.

Kinachoumiza vituoni ni zamu za walezi (simlaumu mtu, watoto ni wengi). Mpeni mlezi mmoja. Akimbadilisha nepi amtazame usoni, aseme "lete mguu", angoje "ba-ba" yake, amjibu.

Ustawi wa jamii waulizeni mapema malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa na familia nyingine. Bucharest, Romania, watoto wa vituoni waliopata familia kabla ya miezi 15 walizungumza karibu sawa na wenzao wa majumbani. Waliovuka miaka 2 walibaki nyuma sana.