Mizinga ya manowari zisizojengwa: anza na mnara, si mtutu

Anayeanza somo hili huuliza kwanza mzinga upi ulikuwa mkubwa kuliko yote. Swali hilo halimfikishi mbali. Wajapani walichora mzinga wa sentimita 51 kwa manowari ambazo zingeifuata Yamato, manowari yao kubwa kuliko zote, na hakuna meli iliyowahi kuubeba. Baada ya kujua hilo umejua nini? Uliza badala yake mzinga ungekaa kwenye mnara (chumba cha deraya kinachozunguka na kubeba mizinga) wa upana gani, na ili kuubeba meli ingepunguziwa nini: deraya, mwendo au mafuta.

Kabla ya hapo, jifunze kusoma namba. 16/50 ni mzinga wenye kipenyo cha inchi 16 na urefu wa mara 50 ya kipenyo hicho. Zidisha upate inchi 800, yaani mita 20.32. Angalia nani anapima, maana Waingereza na Wamarekani hupima tundu la mtutu peke yake, ilhali Wajerumani huhesabu urefu wote mpaka nyuma kabisa. Mzinga wa sentimita 38 wa Bismarck huandikwa L/52, lakini kwa kipimo cha Kiingereza ni kama 48 tu. Ukiweka namba hizo mbili kwenye jedwali moja bila kusawazisha, jedwali lote limeharibika.

Uzito nao una mitego yake. Tani ndefu ya Kiingereza ni kilo 1,016, tani fupi ya Kimarekani ni kilo 907. Kwa mzinga wa tani 120, kuchanganya hizo mbili ni kosa la kilo 13,000 na ushei. Badilisha kila kitu kiwe kilo siku ile ile unayokinakili, kisha weka namba ya asili pembeni.

Usiamini jina pia. Mizinga ya Yamato iliandikwa rasmi kuwa ya sentimita 40 ilhali ilikuwa ya 46, kwa sababu ya usiri. Marekani kuna mzinga ulioanzwa kama wa inchi 18, ukageuzwa kuwa wa 16 kwa sababu ya Mkataba wa Washington wa 1922, uliowekea mipaka manowari na mizinga yake, kisha ukatobolewa tena kuwa wa 18 mwaka 1942 kwa majaribio. Uko Dahlgren, Virginia.

Sasa hesabu ya nguvu: nusu ya uzito wa kombora, mara kasi, mara kasi tena. Mzinga wa Iowa, manowari ya Kimarekani, ulirusha kombora la kilo 1,225 kwa mita 762 kwa sekunde, kwa hiyo unapata megajuli 356 hivi. Mzinga wa Kiingereza wa inchi 16, uliokusudiwa meli za G3 zilizofutwa Februari 1922, ulirusha kilo 929 tu kwa kasi ya mita 814: megajuli 308. Waingereza waliamini kombora jepesi lenye kasi kubwa lingetoboa vizuri zaidi. Walikosea. Kombora jepesi hupoteza kasi mapema njiani, na kasi kubwa mdomoni hula mtutu haraka. Mizinga hiyo ikaishia kwenye manowari Nelson na Rodney, ambako minara yake, iliyopunguzwa uzito ili meli zitoshe kwenye mkataba, ilisumbua kwa miaka. Kwa meli za Lion, ambazo nazo hazikumalizika, walirudi kwenye kombora zito la kilo 1,077.

Mnara ndio wenye somo kubwa. Marekani ilibaki na makumi ya mizinga ya 16/50 aina ya Mark 2, iliyotengenezwa kwa meli za South Dakota na Lexington zilizofutwa na mkataba ule ule. Iowa ilipokuwa inachorwa mwaka 1938, wenye silaha walipanga kuitumia. Wenye kuchora meli wakaacha silinda ya deraya, ile ambamo mnara husimama, yenye kipenyo cha futi 37 na inchi 3, ilhali mnara wa Mark 2 ulihitaji futi 2 hivi zaidi. Ofisi mbili hazikuwa zimeelewana. Kupanua silinda kungeongeza uzito kuliko meli ilivyoruhusiwa, hivyo ukabuniwa mzinga mpya mwepesi, Mark 7. Basi mchoro wowote ukikufikia, tafuta kwanza kipenyo cha silinda hiyo. Usipokiona, ule bado si mpango wa meli, ni picha.

Halafu fuata mizinga ilikokwenda. Mzinga huweza kuishi bila meli. Waliozuru Fort Jesus, Mombasa, wameuona mmoja wa Königsberg, meli iliyozama Rufiji mwaka 1915. Ya meli zisizojengwa vilevile. Mizinga ya sentimita 40.6 ya meli za Kijerumani za H, ambazo mikuku yake miwili ililazwa mwaka 1939, ilipelekwa pwani: mitatu karibu na Calais, minne Trondenes, Norwei. Huko iliweza kuinuliwa nyuzi 52, ikafika zaidi ya kilomita 42. Melini ingeinuliwa nyuzi 30 tu. Kwa hiyo usichukue masafa ya pwani ukayaandika kama ya meli. Hili ndilo kosa tunalolisahihisha mara nyingi kuliko yote.

Kwa kila namba andika hali yake: imechorwa, imejaribiwa, au imetumika. Mzinga wa Kisovieti wa B-37, milimita 406, ulichorwa kurusha kombora la kilo 1,108 kwa mita 870 kwa sekunde. Majaribio yakaonyesha mtutu unalika upesi na makombora yanatawanyika, baruti ikapunguzwa, kasi ikashuka hadi 830. Meli za Sovetsky Soyuz, zilizokusudiwa kuubeba, hazikumalizika, lakini mmoja wa mizinga hiyo, uliofungwa kwenye uwanja wa majaribio karibu na Leningrad, ulifyatuliwa wakati mji umezingirwa. Kwenye daftari lako, 870 ni ya mchoro, 830 ni ya mzinga.