Kilembe kwa miguu: anzia stesheni, si mgodini

Mkuu, umeuliza kama huku Uganda kuna mji wa mgodi uliotelekezwa ambao mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu, kama Kolmanskop kule kwenye jangwa la Namibia. Jangwa la namna ile hatuna. Mji wa mgodi tunao: Kilembe, bondeni juu ya mji wa Kasese, magharibi mwa nchi. Ajabu ni kwamba wakazi wa mwisho wa Kolmanskop waliondoka 1956, na mwaka huohuo reli ikafika Kasese na shaba ya Kilembe ikaanza kutoka.

Mimi naishi Kasese, biashara yangu ni ya mpakani Mpondwe, na wageni wangu kutoka Kongo au Kenya huwa nawapandisha bonde lile. Watu wengi hupanda boda moja kwa moja hadi mgodini, wakapiga picha mabati yenye kutu, wakashuka. Kwa maoni yangu hao wamekosa nusu ya habari. Mimi huenda kinyumenyume: naifuata shaba kutoka ilikopakiwa hadi ilikochimbwa.

Kwa hiyo anza stesheni ya Kasese. Treni haziji tangu miaka ya 1990 na nyasi zimefanya kazi yake, lakini ukisimama pale unaelewa mgodi ulivyowezekana. Ulihitaji reli hii, na shaba yake ilihitaji umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, ili iyeyushwe. Mawe yalisagwa na kuchujwa Kilembe, shaba ikapakiwa hapa, ikaenda kuyeyushwa Jinja, mwendo wa karibu nchi nzima.

Kilichobaki baada ya kuchuja shaba kilikuwa pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye metali ya kobalti ndani yake, nayo ikarundikwa huku tambarare karibu na mji. Pairaiti ikipata hewa na mvua hutoa asidi. Miaka na miaka asidi ile ilitiririka kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuua majani njiani, ukabaki mkanda wa ardhi tupu wenye rangi ya kutu. Ukitaka jangwa, hilo ndilo letu, na tumelitengeneza wenyewe. Kuanzia 1999 kampuni moja iliendesha kiwanda cha kuitoa ile kobalti kwa kutumia bakteria wanaoila pairaiti. Nacho baadaye kikasimama. Ni mali ya watu na kina walinzi, kwa hiyo kiangalie kwa nje uendelee na safari.

Kupanda Kilembe ni kama kilomita kumi hivi, barabara ikifuatana na mto Nyamwamba. Toka alfajiri, maana joto la Kasese halina huruma, ila ukishaingia bondeni upepo wa milima ya Rwenzori unakupokea. Hapa usiharakishe. Mawe makubwa unayoyaona yamelala ovyo yaliletwa na mto wenyewe. Tarehe 1 Mei 2013 ulifurika ukabeba nyumba na madaraja, na Mei 2020 ukarudia, safari hiyo ukaiharibu vibaya hospitali ya mgodi. Kwenye kingo utaona marundo ya mchanga wa kijivu: ndiyo makapi ya kiwandani, na kila mto unapojaa unayamega na kuyateremsha. Watafiti wamepima udongo wa bustani za bondeni wakakuta shaba na kobalti kupita kiasi. Beba maji yako ya kunywa kutoka mjini. Na miezi ya Machi hadi Mei mimi simpeleki mtu, hata akinibembeleza.

Sasa Kilembe penyewe. Ukija ukitarajia mji mtupu, utashangaa: kota za wafanyakazi zina watu, nguo zimeanikwa, watoto wanatoka shule. Kilichokufa ni kazi. Kampuni ya Falconbridge ya Kanada ndiyo iliyouendesha mgodi wakati wa neema. Enzi za Amin wataalamu wakaondoka, vipuri vikakosekana, na kufikia 1982 uzalishaji ulikuwa umekwisha. Mwaka 2013 serikali ikaukodisha kwa kampuni ya Kichina, mkataba ukavunjwa 2017. Kwa hiyo unatembea mbele ya milango ya watu walioahidiwa kazi zaidi ya mara moja. Salimia, omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na uulize ofisi ya mgodi wapi unaruhusiwa kufika.

Halafu tafuta mzee aliyefanya kazi pale, umlipe vizuri kwa muda wake. Wazee niliowapata mimi Kiswahili kiliwatoka bila shida, kwa sababu kazini walichanganyika na watu wa kila upande. Mmoja alisimama karibu na kinu cha kusagia mawe akaniambia: "Mwanangu, hapa tulikuwa hatusikilizani. Tuliongea kwa mikono." Kisha akanionyesha ishara ya kusimamisha mtambo, ishara ya mtu ameumia, na ishara ya kumtukana msimamizi. Picha ya kutu haikupi hayo.

Jambo moja sina mjadala nalo: usiingie kwenye handaki lolote, hata lililo wazi, hata ukiambiwa kuna njia. Mbali na mawe kuporomoka, kuna popo. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, upande wa Ibanda, walipata homa ya Marburg, ugonjwa wa kuua unaofanana na Ebola, na popo wa mgodi ule wakakutwa na virusi hivyo. Mwaka uliofuata mtalii kutoka Uholanzi aliingia pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo, akafa kwa ugonjwa huohuo alipofika kwao.

Malazi yasikusumbue. Njia mojawapo ya kupanda Rwenzori inaanzia hapohapo Kilembe, kwa hiyo vyumba vya wapanda mlima vipo. Ukipendelea mjini, boda za kushuka Kasese zipo hadi jioni. Patana bei kabla hujakaa.